Kanoni Apolo: Mganda aliyezikwa akielekea Kongo

WENGI wetu huvuka mpaka wa Uganda na Kongo kutafuta riziki au kurudi nyumbani. Kanoni Apolo Kivebulaya aliuvuka kwa ajili ya Injili, na hakurudi kuishi kwao.

Alizaliwa Buganda miaka ya 1860, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alitoka Toro, akavuka mto Semliki hadi Mboga. Mapokezi yalikuwa magumu. Dada wa mtawala Tabaro alipoangukia mkuki na kufa, Apolo ndiye aliyelaumiwa. Alipigwa, akapelekwa Fort Portal na kufungwa jela. Alipoachiwa, alirudi kule kule Mboga. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Alipewa upadri mwaka 1903. Wakoloni walipogawana ardhi, Mboga iliangukia Kongo ya Wabelgiji, naye akaenda kuhudumu huko. Mwaka 1922 aliteuliwa kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Kwa cheo hicho angeweza kustarehe mjini. Yeye alikuwa tayari amegeukia msitu wa Ituri, akiwafundisha Wambuti. 

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, kwa kuwa huko msituni ndiko kazi ilikobaki.

Msafiri huhesabu faida anaporudi. Apolo alihesabu watu aliowaacha wakiamini, na kwao akabaki.