Colin Chapman

Anthony Colin Bruce Chapman (19 Mei 1928 – 16 Desemba 1982) alikuwa mhandisi kutoka Uingereza na mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus.

Maisha

Alizaliwa Richmond, karibu na London, akasomea uhandisi wa ujenzi katika University College London. Alianza kwa kuunda upya gari kuukuu la Austin 7, na mwaka 1952 akaanzisha kampuni yake. Aliamini kwamba gari jepesi huenda kasi hata likiwa na injini ndogo.

Lotus Elan

Imani hiyo ilionekana katika Elan ya mwaka 1962: fremu ya chuma iliyofanana na uti wa mgongo, bodi ya faibaglasi, na uzito usiofika kilo 700. Ilisanifiwa na Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini. Injini yake ilitumika pia katika Ford Cortina ya Lotus. Cortina GT, ndugu wa gari hilo, ilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1964. Elan iliboreshwa kwa matoleo ya S2 (1964), S3 (1965), S4 (1968) na Sprint (1971) yenye nguvu farasi 126. Utengenezaji ulikoma mwaka 1973.

Urithi

Timu yake ilitwaa ubingwa wa watengenezaji wa Formula One mara saba. Hata hivyo alilaumiwa kwamba wepesi wa magari yake ulihatarisha madereva. Jochen Rindt alikufa Monza mwaka 1970 akiwa ndani ya Lotus, akatangazwa bingwa wa dunia baada ya kifo chake. Chapman mwenyewe alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 54.