Paul Klipsch: fundi wa lokomotive aliyeipa bafle sauti ya uzima

Leo tunaacha kidogo mambo ya mikataba, tuzungumze juu ya bafle. Musicheke. Mu nyumba zetu mingi, bafle inakula mshahara kushinda kitanda. Siku ya malipo tunaenda sokoni, muuzaji anatuonyesha namba ya wati iliyoandikwa juu ya kartoni, tunalipa, tunabeba. Kufika nyumbani, ngoma inanguruma, lakini sauti ya mwimbaji ni sawa ya mtu aliyefunikwa blanketi. Mimi pia nilinunua moja ya namna ile, na feza yangu iliniuma. Njo nikaanza kutafuta nani alifikiri vizuri juu ya jambo hili. Nikamkuta mtu mmoja, na kumbe njia yake ilipitia mgodini.

Paul Wilbur Klipsch alizaliwa mwaka wa 1904 kule Elkhart, mu jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake, mwalimu wa ufundi wa mashini, alikufa wakati mtoto alikuwa na miaka 12 tu. Alipokuwa na miaka 15 alitengeneza bafle yake ya kwanza kwa bomba la kartoni la kutumia barua na vile vidude vya kusikilizia mu masikio. Hapo redio ya watu wote ilikuwa haijaanza bado. Shuleni alipiga tarumbeta, kwa hiyo alijua chombo cha kweli kinalia namna gani mbele ya uso wa mtu.

Mwaka wa 1926 alimaliza masomo ya umeme kule New Mexico, akaingia mu kampuni ya General Electric. Kiisha akaenda Chile. Kule, mu jangwa la kaskazini, watu walikuwa wanachimba chumvi ya nitrati ya kutengenezea mbolea na baruti, na treni za umeme ziliteremsha ile mali mpaka bandari ya Tocopilla. Kazi ya Klipsch ilikuwa kuchunga zile lokomotive zitembee, na alikaa kule mpaka mwaka wa 1931. Vitabu vinasema mingi juu ya enjenieri, na kidogo sana juu ya batu waliokuwa wanajaza yale mabehewa. Sisi tunajua hata hivyo ni mikono ya nani. Lakini yeye alijifunza kule jambo ambalo kila mtu wa mashini anajua: nguvu inayopotea njiani ni hasara.

Aliporudi alisoma tena kule Stanford, akatoka mwaka wa 1934. Kiisha akatumika kule Texas, kupima udongo kwa kutafuta petroli. Vita vilipofika, jeshi lilimpeleka mu mji mdogo unaoitwa Hope, jimbo la Arkansas, mahali walipokuwa wanajaribu risasi na mabomu. Ni pale, saa za kupumzika, alimaliza bafle aliyoiota.

Sasa tuelewane juu ya pembe. Ukitaka kumwita mwenzako ngambo ya shimo, unafanya nini? Unaweka mikono miwili pembeni ya kinywa. Nguvu ya kifua ni ile ile, lakini sauti inafika mbali. Pembe ya bafle inafanya vile vile: inasaidia ngozi ndogo ya bafle ishike hewa vizuri. Ile ngozi inatikisika kidogo tu, na kwa sababu inatikisika kidogo, haiharibu sauti. Njo sababu gitaa inasikika kama iko pale pale mu chumba.

Shida ni ukubwa. Wimbi la sauti nzito sana lina urefu wa metre 8 hivi, na pembe yake ingejaza nyumba yote. Klipsch alikunja ile pembe ndani ya sanduku, akaiweka mu kona, kuta mbili za chumba zikawa mwisho wa pembe. Aliiita Klipschorn. Mwaka wa 1946 alifungua kampuni yake pale Hope, mu kibanda cha manjanja, na mwaka wa 1948 njo alipata mtumikaji wake wa kwanza.

Lakini si kila nyumba iko na kona mbili safi, na Klipschorn inashinda metre moja kwenda juu. Mwaka wa 1957 akatoa ndogo, nusu metre tu na kidogo. Sauti ya katikati na ile ya juu zinapita mu pembe, ila ile nzito inatoka mu sanduku la kawaida. Haihitaji kona. Mwenzake mmoja akamwambia kwamba kutoka mu kona ni kama kuasi dini yake mwenyewe, na Klipsch akaipa jina la Heresy, maana yake uzushi. Ni ile ndogo iliyoingia mu nyumba za watu wa kawaida.

Mwaka wa 1989 aliuza kampuni kwa mtu wa jamaa yake. Alikufa mwaka wa 2002, akiwa na miaka 98. Klipschorn ingali inatengenezwa pale pale Hope.

Basi sisi tunachukua nini? Kwanza, tusinunue namba ya wati. Wati ni chakula bafle inachoweza kula. Uliza inatoa kazi gani. Namba ya kuuliza ni desibeli kwa wati moja. Bafle ya desibeli 100, kwa wati 1, inalia sawa na ile ya 90 inayokula wati 10. Pale umeme ni kidogo ao unatumia batri, ile ni feza yako. Pili, angalia kama iko na pembe ya kweli kwa sauti za watu, ao ni plastiki ya kupamba tu; ziko za namna ile. Tatu, beba wimbo unaoujua, gitaa ya Jean-Bosco Mwenda kwa mfano, usikilize kwa sauti ya chini. Kama maneno yanasikika vizuri chini, umepata. Kama ni lazima upandishe juu ndipo uelewe, iache.

Masikio yetu yanapigwa siku nzima na mashini za kutoboa majiwe. Mangaribi, nyumbani na watoto, yanastahili kitu kingine kuliko kelele.