Lucy Lameck: Nesi wa Moshi Aliyeingia Bungeni

Leo tumkumbuke Lucy Lameck, aliyezaliwa hapa Moshi mwaka 1934. Alisomea unesi, ila kuna vidonda bandeji haifungi: ubaguzi, na mwanamke kudharauliwa. Akajiunga na TANU.

Mwaka 1960 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Humo alikuwemo Sophia Mustafa wa Arusha, mwenye asili ya India. Wakoloni waligawa viti kwa rangi, lakini akina mama hawa walisimama upande mmoja. Baadaye Lucy akawa naibu waziri. Alifariki 1993.

Maria naye alipanda milimani kwa Elizabeti. Je, mwenzako akionewa, unampandia mlima au unapita tu?