Teleki na safari ya jangwani iliyobebwa na shanga

MWANZONI mwa Machi 1888, msafara wa watu waliokaukwa na midomo uliteremka juu ya mawe meusi ya volkano, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Kenya. Mbele yao lilitandaa ziwa ambalo mwisho wake haukuonekana. Wapagazi walitua mizigo wakakimbilia maji. Walipoyaonja, walikuta yana magadi.

Mwenye msafara huo alikuwa Sámuel Teleki, aliyezaliwa Novemba 1, 1845 katika ukoo wa kikabaila wa Transylvania, eneo lililokuwa chini ya Hungaria na ambalo sasa liko Romania. Alikuwa tajiri, mbunge na mpenda uwindaji. Kuja kwake Afrika Mashariki kulikusudiwa kwanza kuwa kwa ajili ya kuwinda. Rudolf, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, ndiye aliyemhimiza aifanye safari hiyo kuwa ya uchunguzi. Alifuatana na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini, ambaye kazi yake ilikuwa kupima njia na kuchora ramani.

Lakini fedha za Teleki zisingefika mbali bila watu wa pwani. Wapagazi waliajiriwa Zanzibar na Pangani. Njia ilikabidhiwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekwisha kuizunguka nchi ya Wamaasai akinunua pembe za ndovu, na ambaye miaka michache kabla alikuwa amesafiri pamoja na Joseph Thomson wa Scotland. Watu wa kazi hiyo walijua kwamba kila soko lina fedha yake. Ushanga uliogombewa mahali pamoja ulikataliwa safari ya siku chache mbele. Kwingine walitaka waya, kwingine nguo. Aliyekosea rangi ya ushanga alibebesha watu mzigo usionunua hata kibaba cha nafaka.

Msafara uliondoka Pangani mapema mwaka 1887. Teleki alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji, akapita nchi ya Wakikuyu kwa mapatano na pia kwa mapigano yaliyomwaga damu, kisha akapanda Mlima Kenya juu kuliko Mzungu yeyote kabla yake. Walipofika Baringo walisimama kukusanya chakula, kwa kuwa huko mbele hakukuwa na shamba.

Ziwa walilolifikia, Teleki aliliita Rudolf. Wasamburu walikuwa na jina lao tayari, Basso Narok, yaani ziwa jeusi, na habari zake zilikuwa zimewafikia wafanyabiashara wa pembe.

Kutoka ncha ya kusini walifuata ufuko wa mashariki kuelekea kaskazini. Ilikuwa safari ya wiki kadhaa katika upepo mkali, mawe makali na jua lisilo na kivuli. Kuni zilikuwa haba, na malisho ya punda vilevile. Wavuvi wa El Molo waliokutana nao walikuwa wachache, wasio na chakula cha kulisha mamia ya wageni. Bunduki ya Teleki ndiyo iliyotia nyama chunguni. Ndovu na vifaru waliuawa kwa wingi, lakini nyama peke yake haikuwatosha watu waliozoea nafaka, na baadhi ya wapagazi walikufa njiani.

Mwezi Aprili walifika kwa Wadasanech, kwenye ncha ya kaskazini. Huko kulikuwa na mtama na maharage. Wenyeji hawakuwa na shida ya kuuza, nao wapagazi walikuwa wamebeba shanga kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa ajili ya siku kama hiyo. Soko likafunguka, matumbo yakajaa. Höhnel, aliyekuwa ameugua vibaya, alipata muda wa kupumzika. Baadaye walifika ziwa jingine upande wa mashariki, wakaliita Stefanie, jina la mke wa Rudolf.

Mito iliyofurika iliwazuia kulizunguka ziwa kubwa, wakarudi kusini. Katika nchi ya Waturkana njaa iliwapata tena, kwa sababu wenyeji wenyewe hawakuwa na ziada ya kuuza. Shanga zilikuwepo, chakula hakikuwepo. Walifika Mombasa Oktoba 1888, wengi wakiwa wamebaki njiani.

Rudolf alifariki Januari 1889, bila kuliona ziwa lililopewa jina lake. Teleki alirudi Kilimanjaro mwaka 1895, na alifariki Budapest Machi 10, 1916.

Sehemu ya ufuko ule ikawa Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi mwaka 1973, yenye kilomita za mraba 1,570. Ndani yake kuna Koobi Fora, palipofukuliwa mabaki ya binadamu wa kale sana. Ziwa lilipewa jina la Turkana mwaka 1975, na lile la Stefanie sasa ni Chew Bahir, nchini Ethiopia. Jina la Teleki limebaki kwenye volkano iliyoko kusini mwa ziwa. Jina la Kimemeta halikuwekwa kwenye kilima chochote huko. Nao Wadasanech, ambao mtama wao uliuokoa msafara, bado wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Ethiopia.