Mwalimu Nyerere Alipokuwa Mwanafunzi Mgeni Edinburgh

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kama Baba wa Taifa. Watoto wetu waliozaliwa huku Doha wanaijua sura yake kutoka kwenye noti na picha za ukutani: mzee mwenye mvi na fimbo mkononi. Lakini kabla ya hayo yote aliwahi kuwa kama sisi, mgeni katika mji wa watu. Tunaieleza miaka hiyo kwa ajili ya vijana wanaojiandaa kwenda vyuo vya ng'ambo, na kwa ajili ya wazazi wanaowasomesha kwa kazi za gereji, udereva na ulinzi hapa Industrial Area.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 Butiama, katika mkoa tunaouita leo Mara. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa mtemi huyo. Julius hakuanza shule mpaka alipofikisha miaka 12, alipopelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma. Alitoka nyumbani akizungumza Kizanaki, na Kiswahili ilibidi akijifunze shuleni. Wanetu wanaoona haya kwa sababu Kiswahili chao kinayumba wakumbuke hilo: mtu aliyekuja kutafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili alikianza akiwa na umri wa miaka 12.

Mwaka 1937 alikwenda Tabora, shule ya serikali ya wavulana. Mwaka 1943 akavuka mpaka kwenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Aliporudi alifundisha Shule ya St. Mary's, Tabora. Kwa hiyo hata kabla ya kupanda ndege alikwishakuwa mgeni mara tatu: Musoma, Tabora na Kampala. Kila mara aliongeza lugha, marafiki na umbali kutoka kwa mama yake. Ugeni alijifunza kwa hatua.

Safari kubwa ilikuja Aprili 1949. Alikuwa na miaka 27, amepata ufadhili wa serikali ya kikoloni, na alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kwenda chuo kikuu cha Uingereza. Mtemi Burito alikuwa amefariki mwaka 1942. Nyuma alimwacha mama yake, ndugu zake, na mchumba wake, Maria Gabriel, ambaye ingebidi asubiri zaidi ya miaka mitatu. Aliruka kutoka Dar es Salaam hadi Southampton, akapita London, kisha akapanda treni kwenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskochi.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa na watu wasiofika 70,000. Edinburgh ilikuwa na zaidi ya 460,000. Tena alifika Uingereza ambayo ilikuwa bado haijapona vita. Nyama, sukari na chai vilikuwa vya mgawo. Mwezi Desemba jua la Edinburgh huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mwanafunzi angeweza kutoka gizani na kurudi gizani. Sisi huku tunalikimbia jua la Julai, kule walilitafuta.

Makao yake yalikuwa katika nyumba ya watu waliotoka makoloni, mtaa wa Grange. Wakazi wa kambi za Industrial Area wanayajua maisha ya namna hiyo. Kukaa na wageni wenzako kuna faida: utapata wa kukuonyesha basi, duka la bei nafuu na mahali pa kusali. Lakini kuna hasara pia, maana mtu anaweza kumaliza mkataba mzima akijua mtaa wake wenye namba, jiko la pamoja na barabara ya kwenda kazini, basi. Mwanafunzi naye anaweza kumaliza shahada hivyohivyo, akiyajua maktaba na chumba chake tu.

Nyerere hakuishi hivyo. Alikuwa Mkatoliki tangu alipobatizwa mwaka 1943, na imani hiyo aliendelea kuishika. Alipata marafiki miongoni mwa wenyeji. Tusisahau jinsi mambo yalivyokuwa nyumbani. Kijana wa Tanganyika alimjua Mzungu kama bwana shauri, padri au mkubwa wa kazi. Uingereza alimkuta pia anafagia barabara, anabeba makaa na kupanga foleni na kitabu cha mgawo mkononi.

Upande wa masomo, alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Hilo lilikuwa jambo la kutarajiwa, kwa kuwa Tabora alifundisha biolojia na nchi ilihitaji walimu wa sayansi. Lakini Oktoba 1949 aliingia Kitivo cha Sanaa. Kwa miaka mitatu alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Shahada yake ilikuwa M.A. ya kawaida, ambayo katika vyuo vya Uskochi ni shahada ya kwanza. Haikuwa ile ya heshima inayomfunga mwanafunzi kwenye somo moja. Mzazi wa leo angeweza kuuliza: shahada ya kawaida, ya masomo mengi, itampa kazi gani?

Jibu linaonekana tukiyapanga masomo hayo pamoja na kazi iliyomngoja. Anthropolojia ilihusu jamii kama ile ya Wazanaki. Historia ya Uingereza ilionyesha jinsi watawala wake walivyoanza, na kwamba nao walipigania haki zao kwa karne nyingi. Sheria ya katiba ilieleza mamlaka hutoka wapi na huwekewa mipaka vipi. Wakati huohuo Uskochi ilikuwa na mjadala mkali kuhusu mpango wa Shirikisho la Afrika ya Kati, ambao Waafrika wengi wa Nyasaland na Rhodesia waliupinga, na Nyerere alikuwa upande wa waliopinga. Akiwa bado Edinburgh aliandika insha ndefu kuhusu tatizo la rangi Afrika Mashariki, ambayo miaka mingi baadaye ilichapwa katika kitabu cha Uhuru na Umoja. Mji ule mgeni ulimpa nafasi ya kuitazama nchi yake kwa mbali, na mbali huonyesha umbo la mlima.

Alihitimu Julai 1952. Alikaa kidogo London akiangalia mambo ya elimu, kisha akarudi kwa meli na kufika Dar es Salaam Oktoba. Januari 1953 alimwoa Maria, aliyekuwa amemngoja. Akaanza kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Na mwaka 1955 akaacha ualimu, pamoja na mshahara wake, ili afanye kazi ya siasa. Miaka tisa tu baada ya mwanafunzi yule kushuka melini, Tanganyika ilikuwa huru.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wanapaswa kulijua. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Nchi iliyokuwa maskini iliona haifai kungoja. Kijana wa Butiama wa baadaye asingelazimika kusafiri mpaka Edinburgh ili asome sheria ya katiba.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya London, akazikwa Butiama. Alikufa ugenini, akalala kwao.

Kwa vijana wetu watakaoondoka mwaka huu, maisha haya yana mambo matatu ya kubeba. Imani na lugha uliyotoka nayo usiitupe. Usikae na wa kwenu peke yao mpaka mji ukupite bila kukujua. Na unapochagua somo, uliza pia litakusaidia kuelewa nini kuhusu kwenu. Kwa wazazi wao wa Industrial Area, tunasema hongereni. Karo mnayoilipa kwa jasho ni sehemu ya historia hii.