Marehemu Amet-Khan Sultan, Rubani Shujaa wa Crimea

Ndugu zetu Waislamu, ni ada njema kwa jamaa yetu kuwasimulia vijana habari za watu waliotangulia, ili wapate kupima nafsi zao kwa mizani ya wale walioshinda mitihani mikubwa kuliko yao. Leo tumemchagua mtu ambaye jina lake halijulikani sana katika nchi zetu, ingawa kwao wanalitaja mpaka watoto wadogo. Naye ni Amet-Khan Sultan, rubani wa ndege za kupigana katika Vita Vikuu vya Pili, vita vile vile vilivyowachukua vijana wengi wa Afrika ya Mashariki hadi misitu ya Burma.

Alizaliwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Alupka, ulio kati ya mlima na Bahari Nyeusi katika rasi ya Crimea. Baba yake alikuwa Mlak, kabila la Kiislamu la milima ya Dagestan, na mama yake alikuwa Mtatari wa Crimea. Watatari hao ni watu wa kale katika Uislamu. Walikuwa na dola yao wenyewe tangu karne ya 15, hata Warusi walipoitwaa mwaka 1783. Amet-Khan alipozaliwa, dola ile ilikuwa imebaki masimulizi, na punde utawala wa Kikomunisti ukaanza kufunga misikiti na madrasa.

Watu wake hawakuwa matajiri. Kijana alijifunza ufundi, akafanya kazi katika karakana ya garimoshi mjini Simferopol, na saa za mapumziko akajifunza kurusha ndege katika chama cha marubani. Kisha akaingia chuo cha marubani wa vita cha Kacha, akahitimu mwaka 1940. Mwaka mmoja tu baadaye, mwezi wa Juni 1941, majeshi ya Hitler yaliingia katika nchi ya Urusi, naye akawa miongoni mwa waliopaa kuyakabili tangu siku za mwanzo.

Sifa yake ya kwanza aliipata tarehe 31 Mei 1942, juu ya mji wa Yaroslavl, kaskazini ya Moscow. Alikuwa akirusha ndege ya Kiingereza iitwayo Hurricane, akakutana na ndege ya Kijerumani ya kutupa mabomu. Akaipiga risasi mpaka risasi zake zikamalizika, na adui bado yu angani. Hapo mtu mwingine angaligeuka kurudi kiwanjani, wala asingelaumiwa. Amet-Khan aliikaribia ile ndege akaigonga kwa bawa la ndege yake mwenyewe. Ndege mbili zikanasana, naye akajichomoa na kuruka kwa mwavuli. Ndege ya adui ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 21. Watu wa Yaroslavl hawakumsahau, wakamfanya raia wa heshima wa mji wao.

Kutoka hapo alipelekwa Stalingrad, ambako vita vilikuwa vikali kupita kiasi. Huko akaingizwa katika kikosi cha marubani waliochaguliwa mmoja mmoja kwa ustadi wao. Tarehe 24 Agosti 1943 akavishwa nyota ya dhahabu ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, iliyokuwa cheo kikubwa cha ushujaa katika dola ile. Hata vita vilipokwisha alikuwa amepaa vitani mara 603, amepigana hewani mara 150, ameangusha ndege 30 peke yake, na nyingine 19 akisaidiana na wenziwe. Ndege yake ya mwisho kuangusha aliiangusha juu ya mji wa Berlin wenyewe, mwezi wa Aprili 1945. Mwezi wa Juni mwaka huo akavishwa nyota ya pili.

Lakini, enyi wasomaji, kati ya nyota ya kwanza na ya pili kulipita msiba ambao lazima usimuliwe, kwani asiyeujua hamjui mtu huyu. Mwezi wa Mei 1944, siku chache tu baada ya Wajerumani kufukuzwa Crimea, Stalin aliwashtaki Watatari wote, wakubwa kwa wadogo, kuwa walimsaidia adui. Alfajiri ya tarehe 18 Mei askari walibisha hodi nyumba kwa nyumba. Watu zaidi ya 180,000, wengi wao wanawake, wazee na watoto, walipakiwa katika mabehewa ya mizigo wakapelekwa Uzbekistan na milima ya Ural. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka ile ya kwanza. Hata askari wa Kitatari waliokuwa mstari wa mbele, vifua vimejaa nishani, walipelekwa uhamishoni vita vilipokwisha.

Wazazi wa Amet-Khan walinusurika, maana jina la mwana wao liliwakinga. Majirani na jamaa hawakuwa na kinga hiyo. Basi fikirini hali ya mtu huyu: asubuhi anapaa kuihatarisha roho yake kwa ajili ya dola, na dola hiyo hiyo imewafukuza watu wa mama yake katika nchi ya mababu zao. Aliendelea kupigana na Wanazi, kwani nao walikuwa dhalimu wa kuangamiza mataifa, lakini hakuwakana watu wake. Mwaka 1956, Stalin akiwa amekwisha kufa, alitia sahihi yake pamoja na Watatari wengine katika barua ya kuwaomba wakubwa wa chama waondolewe dhuluma ile. Mwenye nyota mbili alikuwa na mengi ya kupoteza, na kunyamaza kungalimfaa zaidi.

Baada ya vita alifanya kazi ya kujaribu ndege mpya karibu na Moscow, kazi ambayo huua marubani wengi hata wakati wa amani. Mnamo mwaka 1951 alikalia chombo kidogo kilichofungwa chini ya ndege kubwa, kikaachiliwa hewani naye akiwa ndani, ili kujaribu kombora ambalo baadaye lingeruka bila mtu. Majaribio hayo yalifanyika kwenye pwani ya Crimea, pale pale ambapo watu wake walikatazwa kukanyaga.

Na mwaka 1958, katika jaribio la kiti cha kumtupa rubani nje ya ndege, baruti ililipuka wakiwa hewani, tangi la mafuta likatoboka, na mwenzake Valery Golovin akabanwa asiweze kutoka. Amet-Khan angaliweza kuruka peke yake akaokoka. Alikataa kumwacha mwenziwe. Akaishusha ndege ile iliyolowa mafuta hadi ardhini, wote wawili wakapona. Wengi humsifu kwa zile ndege alizoziangusha. Mimi naona siku hii yamzidishia sifa, kwani siku hii aliokoa nafsi.

Tarehe 1 Februari 1971 alipaa pamoja na wenzake kujaribu injini mpya, na ndege ikaanguka, wakafa wote. Alizikwa Moscow. Watatari walikuwa wangali uhamishoni. Mlango wa kurudi kwao kwa wingi ulifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, naye hakuuona. Waliporudi Alupka walifungua nyumba ya makumbusho kwa jina lake mwaka 1993, na huko Dagestan uwanja wa ndege wa Makhachkala unaitwa kwa jina lake.

Vijana wetu na wazingatie. Kumkabili adui ni ushujaa, na watu wote huuona. Kukaa na mwenzio katika hatari, na kuwatetea walio dhaifu hali wewe umesalimika, ni ushujaa ulio mzito zaidi, na kila mmoja wetu aweza kuutenda hapa hapa alipo, bila ndege wala bunduki. Yaliyokuwa moyoni mwake ayajua Mola wake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa katika dhuluma, na atujaalie sisi kusimama pamoja na wenzetu siku ya shida. Amin.