Askofu Augustino na Dhambi za Wazazi

Watu wetu husema mtoto wa nyoka ni nyoka, wala neno hili halisemwi juu ya nyoka. Husemwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anapoletwa kubatizwa, na baadhi ya wazee wa usharika wakatazama chini. Husemwa kijana wa mwizi anapotaka kuposa. Husemwa tena msiba unapoirudia nyumba ile ile, na majirani wakaanza kuhesabu makosa ya babu. Waalimu huulizwa habari hii mara nyingi. Wengine hujibu kwa ile Amri isemayo kwamba Mungu huwalipiza wana makosa ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Wengine hujibu kwa nabii Ezekieli, sura ya 18, ambaye alifundisha kwamba kila mtu atahukumiwa kwa makosa yake mwenyewe. Muulizaji huenda zake na majibu mawili mkononi.

Yuko mtu mmoja wa kale, Mwafrika wa Kaskazini, aliyechukuana na swali hili tangu ujana wake hata kufa kwake, tena si katika vitabu tu, bali nyumbani mwake. Huyu ni Augustino, askofu wa Hippo. Martin Luther alikuwa mtawa wa shirika lililoitwa kwa jina lake, na yale tunayoyakiri juu ya dhambi ya asili katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 yametoka kwa sehemu kubwa katika mafundisho yake. Basi inafaa tumjue.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mtu wa baraza la mji, mwenye mali kidogo, mkarimu lakini mwepesi wa hasira, wala hakuwa mwaminifu katika ndoa yake. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye kusali sana. Patricius mwenyewe alikuja kubatizwa karibu na kufa kwake, mwanawe alipokuwa kijana. Augustino alipoandika kitabu chake cha Maungamo hakuyaficha makosa ya baba yake, walakini hakuyafanya kuwa ngao. Uzinzi wake alikiri kuwa ni wake.

Patricius alitoa zaidi ya uwezo wake ili kijana apate elimu, na tajiri mmoja wa mji akasaidia, hata Augustino akaenda kusoma katika mji mkubwa wa Karthago. Huko akachukua mwanamke, akakaa naye kinyumba zaidi ya miaka kumi pasipo ndoa. Jina la mwanamke huyo hatukuachiwa. Mwaka 372 hivi wakapata mtoto mwanamume, na baba alikuwa bado hajafikia miaka 20. Watoto wa namna hii, alikiri baadaye, huja bila kutakiwa, nao wakiisha kuzaliwa humlazimisha mzazi kuwapenda. Wakamwita Adeodatus, maana yake, Aliyetolewa na Mungu.

Siku zile Augustino alijiunga na Wamanikayo, akakaa kwao miaka tisa. Watu hawa walifundisha kwamba uovu ni kitu kigeni kilichochanganyika ndani ya mtu, hata mtu akitenda dhambi si yeye halisi atendaye. Fundisho hilo lilimpendeza, maana lilimwondolea lawama. Tusimcheke. Wangapi kwetu wasemao kwamba ulevi wao ni wa ukoo?

Mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa ufasaha katika mji wa Milano. Monika akamfuata. Wakamtafutia mchumba wa nyumba ya heshima, na kwa ajili ya arusi hiyo yule mama wa Adeodatus akarudishwa Afrika. Akaondoka, akiweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, akamwacha mtoto kwa baba yake. Augustino aliumia moyoni, lakini hakuweza kumngoja mchumba, akachukua mwanamke mwingine. Hapa hatuwezi kumsifu. Wala yeye hajisifu.

Ambosi wa wokovu wake yalikuwa mahubiri na maisha ya watu wengi, na hasa Ambrosius, askofu wa Milano, aliyemfungulia Maandiko. Mwaka 386, akiwa bustanini katika kulia na kushindana na nafsi yake, akachukua Waraka wa Paulo kwa Warumi, akasoma, na moyo wake ukageuka. Arusi ile ikaachwa, na kazi ya ufasaha ikaachwa pia. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosius akambatiza, pamoja na rafiki yake Alypius, pamoja na Adeodatus, aliyekuwa na miaka kama 15. Baba aliyetenda dhambi, na mtoto aliyezaliwa kwa dhambi hiyo, waliingia majini usiku mmoja, nao walihitaji neema ile ile. Augustino aliandika kwamba katika kijana huyo yeye hakuwa na chake ila dhambi tu. Mengine yote yalikuwa kazi ya Mungu. Aliistaajabia akili ya mwanawe hata kuiogopa.

Mwaka huo huo Monika akafariki huko Ostia, walipokuwa wakingoja kurudi Afrika. Alipokata roho, Adeodatus akapaza sauti akalia, na wakubwa wakamnyamazisha. Mwaka 388 baba na mwana wakarudi Thagaste. Huko Augustino alitunga kitabu kiitwacho Mwalimu, ambacho ndani yake yeye na mwanawe wanaulizana na kujibizana, naye ashuhudia kwamba mawazo yanayowekwa kinywani mwa kijana yalikuwa yake kweli, akiwa na miaka 16. Muda si mrefu kijana akafa. Baba alisema tu kwamba amkumbuka pasipo hofu, maana hakuwa na neno la kuogopa juu yake.

Mwaka 391 Augustino alikwenda Hippo, mji wa pwani ulio karibu na Annaba ya leo, na watu wa kanisa wakamshika, wakamtaka awe kasisi wao. Akalia, akakubali. Miaka michache baadaye akawa askofu.

Kanisa la Afrika lilikuwa limepasuka vipande viwili, na sababu yake ilikuwa ni dhambi za baba. Mwaka 303 Kaisari Diocletianus aliamuru vitabu vitakatifu vichomwe, na baadhi ya viongozi wa kanisa wakavitoa. Mateso yalipokwisha, kundi la watu walioitwa Wadonato likasema kwamba askofu mpya wa Karthago aliwekewa mikono na mmoja wa wasaliti hao, na kwa hiyo yeye, na wote waliobaki katika ushirika naye, na watoto wao, ni najisi. Miaka mia ilipita, na wajukuu wa wajukuu walikuwa bado wakilaumiana kwa kosa ambalo hakuna aliyekuwa hai aliyelitenda. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walikusanyika Karthago kushindana juu ya habari hii. Augustino alishika neno moja: hata kama yule wa zamani alikosa, kosa lake si letu. Ni haki kusema pia kwamba alikubali serikali iwalazimishe Wadonato kwa sheria na adhabu kurudi kanisani, na jambo hili limeleta madhara mengi katika karne zilizofuata.

Vivyo hivyo juu ya watoto wa nje ya ndoa. Katika kitabu chake juu ya wema wa ndoa, kilichoandikwa mwaka 401 hivi, alifundisha kwamba watu, wawe wamezaliwa namna gani, wasipofuata maovu ya wazazi wao na wakimwabudu Mungu ipasavyo, ni watu wa heshima nao wataokoka. Maana mbegu ya mtu, itoke kwa mtu wa namna yo yote, ni kiumbe cha Mungu. Aliyeandika hayo alikuwa amemzika Adeodatus.

Tena askofu mmoja, Bonifatius, alimwuliza habari za wazazi waliowabatiza watoto wao, kisha watoto walipougua wakawachukua kwenye matambiko ya mashetani ili wapone. Je, watoto hao wamepotea kwa tendo la wazazi? Waalimu wetu walijua swali hili kabla ya kumjua Bonifatius. Augustino akajibu kwamba wazazi wametenda dhambi nzito, bali mtoto aliyekwisha kuzaliwa mara ya pili katika Kristo hafungwi na uovu wa mwingine ambao hakuukubali kwa nia yake.

Na katika uzee wake alipata habari ya askofu kijana aitwaye Auxilius, aliyegombana na mkubwa mmoja wa serikali, Classicianus, akamtenga na kanisa, si yeye peke yake, bali nyumba yake nzima. Augustino akamwandikia barua. Akasema kwamba yeye ni mzee, na askofu wa miaka mingi, lakini yu tayari kufundishwa na mwenzake ambaye hajatimiza mwaka kazini: na aonyeshwe ni kwa haki gani mwana atengwe kwa dhambi ya baba, mke kwa dhambi ya mume, na mtumwa kwa dhambi ya bwana wake. Na mtoto akizaliwa katika nyumba hiyo ikiwa chini ya laana, akawa karibu kufa, nani atambatiza? Alijua kwamba maaskofu wengine wamefanya hivyo. Yeye hakuthubutu kamwe.

Basi wasomaji watashangaa kusikia kwamba mtu huyu ndiye aliyefundisha kwa nguvu kuliko wote kwamba tumezaliwa na dhambi. Mwalimu mmoja kutoka Uingereza, Pelagius, na mwanafunzi wake Caelestius, walisema kwamba dhambi ya Adamu ilimdhuru Adamu peke yake, na mtoto mchanga huzaliwa kama Adamu alivyokuwa kabla ya kuanguka. Augustino akawauliza: kama ndivyo, kwa nini kanisa huwabatiza watoto wachanga? Kristo ni Mwokozi wao kwa kuwaokoa na nini? Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukakubaliana naye. Hakujua Kiyunani vema, akaisoma sura ya 5 ya Warumi katika Kilatini kana kwamba Paulo alisema wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Makanisa ya Mashariki, yasomayo Kiyunani, hufundisha hata leo kwamba tumerithi mauti na udhaifu, si hatia. Lakini aliona jambo ambalo kila mzazi huliona: mtoto hafundishwi wivu.

Je, mafundisho haya mawili yapatanaje? Kwake Adamu ni jambo moja, na baba yako ni jambo jingine. Katika Adamu wanadamu wote walikuwa pamoja, wa nyumba nzuri na wa nyumba mbaya, mtoto wa askofu na mtoto wa kahaba. Hakuna awezaye kumcheka mwenzake. Juu ya dhambi za wazazi wa karibu, katika kitabu kidogo alichoandika mwaka 421 hivi, aliiweka ile Amri karibu na Ezekieli, akaona huenda watoto wamefungwa nazo kwa namna fulani kabla ya kuzaliwa upya, lakini ni kwa kadiri gani hakuthubutu kukata neno. Tungefanya vema kuogopa mahali alipoogopa yeye.

Liko neno moja ambalo hatumfuati. Alisema kwamba watoto wachanga wafao bila ubatizo huhukumiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Neno hilo lilimtesa yeye mwenyewe. Alimwandikia Hieronymus, mwaka 415, akimwomba msaada juu ya maumivu ya watoto, akakiri kwamba hana jibu. Luther aliwaandikia akina mama, mwaka 1542, faraja kwa ajili ya watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, akawafundisha kuwaweka mikononi mwa Mungu kwa sala. Kwa hiyo mwalimu anayesimama kando ya kaburi la mtoto kama huyo asiseme zaidi ya Luther.

Adui yake wa mwisho alikuwa Julianus, askofu wa Eclanum katika Italia, mwana wa askofu aliyekuwa rafiki ya Augustino. Huyu alimwambia kwamba amemfanya Mungu kuwa mkatili kwa watoto. Mzee alikuwa akimjibu neno kwa neno, na katika sehemu ya mwisho ya kitabu hicho, kilichojaa habari za yale yapitayo kutoka kwa baba hata kwa mwana, akalitaja neno la Cicero, mtu wa Roma ya kale, aliyemwandikia mwanawe kwamba katika watu wote ni yeye peke yake ambaye angependa ampite baba yake kwa kila jambo. Adeodatus alikuwa amekufa yapata miaka 40.

Kitabu hakikumalizika. Mwaka 430 Wavandali wakauzingira mji wa Hippo, na katika mwezi wa tatu wa mazingira hayo Augustino akashikwa na homa. Akaagiza Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akilia, akaomba asiingiliwe na watu ila waganga na waletao chakula. Akafa tarehe 28 Agosti, akiwa na miaka 75. Hakuandika wosia, maana hakuwa na mali ya kumrithisha mtu. Aliagiza tu kwamba vitabu vya kanisa vitunzwe.